Fundi wa Lifti na Mashimo Kumi na Nane

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhakikisha wagonjwa, wauguzi, toroli za chakula na wageni waliopotea wanafika ghorofa wanayoitaka, fundi mkuu wa lifti wa hospitali yetu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wengi wetu tunamfahamu kwa jina la Baba Lifti. Alianza kama kijana wa kupaka grisi, wakati jengo lilipokuwa na lifti mbili, moja ikiwa imelala kwa miezi. Leo zipo saba, na zote zinaamka asubuhi.

Tabia yake moja iliwakera wengi. Lifti ikishatengenezwa, hakuiruhusu kubeba mtu hadi aitazame ikipanda na kushuka tupu kwa muda mrefu. Mpishi mkuu, ambaye chakula chake kilipoa mara nyingi pale chini kikisubiri, aliwahi kumwambia mbele za watu kwamba hata bibi harusi hatazamwi hivyo. Baba Lifti alicheka, akaendelea kutazama.

Miaka kadhaa iliyopita uongozi ulimtaka aahidi kwamba hakuna lifti itakayoharibika mwaka mzima. Alikataa. Mashine ni mashine, alisema, itaharibika tu. Badala yake aliahidi kitu kingine: hakuna mtu atakayekaa ndani ya lifti iliyokwama zaidi ya robo saa. Wapo walioona ahadi hiyo ni ndogo mno kwa mtu wa cheo chake. Imetimizwa hadi leo, isipokuwa mara mbili, na zote mbili bado zinamuuma.

Ahadi hiyo ndiyo iliyomnyima gofu.

Mchezo huo alifundishwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, muuza vigae anayecheza kila Jumamosi bila kukosa. Baba Lifti alicheza alipopata nafasi, yaani mara nne au tano kwa mwaka, simu ya zamu ikiwa mfukoni. Uwanja una mashimo kumi na nane. Hakuwahi kuyamaliza. Kila mara simu ililia, naye akamwachia shemeji mkoba wa fimbo na kukimbilia gari.

Mwanzoni alijiwekea malengo ya watu wenye nafasi. Mwaka mmoja, baada ya shemeji kumchokoza kwamba anapiga mpira kama anayeua nyoka, aliapa kupunguza mapigo ishirini katika mashimo tisa ya mwanzo kabla ya Desemba. Alinunua fimbo mpya. Alicheza mara tatu, akaumia bega, na mwaka ukaisha akiwa ameongeza manne. Mkewe, mwalimu wa hesabu, alimwambia asikate tamaa, kwani hayo nayo ni mabadiliko.

Hapo ndipo alipoipeleka uwanjani kanuni yake ya kazini. Kila Januari alichagua jambo moja tu, dogo, ambalo lilipaswa kutimia katika mashimo ya mwanzo, kwa sababu ya mwisho hakuwa na hakika ya kuyaona. Mwaka mmoja lilikuwa ni kuutoa mpira kwenye mchanga wa shimo la nne kwa pigo moja. Mwaka mwingine, kutotumia zaidi ya mapigo mawili mpira ukishafika kwenye nyasi fupi zinazozunguka shimo. Hilo alilifanyia mazoezi katika chumba cha mitambo juu ya paa, kwenye kipande cha zulia kilichotupwa na ofisi ya mkurugenzi, akilenga kopo la grisi lililolazwa ubavu, huku akitazama lifti ikipanda na kushuka. Chakula cha mpishi kiliendelea kupoa, lakini mpira ukaanza kuingia.

Shemeji alimwambia kwamba ni kweli haba na haba hujaza kibaba, ila kwa mwendo huo kibaba kitajaa mwenyewe akiwa kaburini. Hata hivyo daktari wetu wa mifupa, anayecheza mara mbili kwa mwaka, aliiga mtindo huo, na anakiri kwamba tangu hapo amekuwa akirudi nyumbani akiwa na furaha, jambo ambalo gofu haikuwahi kumpa.

Mwaka huu Baba Lifti aliivunja kanuni yake mwenyewe. Yalikuwa mashindano yake ya mwisho ya wafanyakazi, na wakati wa chai ya asubuhi alitangaza kwamba anataka kitu kimoja: kumaliza mashimo yote kumi na nane. Alama si hoja. Alijiandaa kwa namna yake. Kwa miezi mitatu alimwachia msaidizi wake, fundi wa kike ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi tangu akiwa mwanagenzi, kila lifti iliyokwama, yeye akisimama nyuma, mikono mfukoni. Wanaomjua wanasema hakuna kazi iliyowahi kumtoa jasho kama hiyo.

Simu ililia akiwa shimo la kumi na nne. Lifti namba tatu ilikuwa imekwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Ndani yake alikuwamo mzee aliyevunjika nyonga, akipelekwa chumba cha upasuaji, pamoja na muuguzi. Baba Lifti alikuwa ameshatupia mkoba begani na kuanza kuelekea kwenye gari pale msaidizi wake alipomkatiza kwenye simu: “Mzee, baki huko huko. Ukimaliza foleni, robo saa yako imekwisha. Mimi niko juu tayari, nalegeza breki.”

Alisimama. Kundi la wachezaji waliokuwa nyuma yao likapewa njia, kisha na lingine. Kwenye simu ilisikika milio ya vyuma, halafu, kupitia spika ya lifti, sauti ya muuguzi akiuliza kama wanapanda au wanashuka, na ya mgonjwa akisema popote ni sawa, mradi mlango ufunguke. Baba Lifti hakutoa agizo hata moja. Mlango ulifunguka ghorofa ya pili, na robo saa ilikuwa haijafika.

Alirudi kwenye mpira wake, akaupiga moja kwa moja hadi bwawani. Shemeji, ambaye hanyamazi hata msibani, akapaza sauti: “Afadhali ungeenda tu, shemeji!”

Alimaliza shimo la kumi na nane kwa mapigo mia moja thelathini na mawili, akiwa wa mwisho. Kombe lilichukuliwa na mhasibu. Jumatatu iliyofuata Baba Lifti aliingia ofisini kwa meneja na kuomba simu ya zamu isisubiri Juni. Msaidizi wake alikabidhiwa siku hiyo hiyo, na sasa ndiye fundi mkuu mteule.

Shemeji amekuwa akiuliza lengo jipya ni lipi, maana visingizio vimekwisha. Baba Lifti hajalitaja. Anasema kwanza acheze mara kadhaa bila kupapasa mfuko, ajue yeye ni mchezaji wa namna gani.

Baba Lifti, kwa niaba ya wote uliotufikisha juu na kutushusha salama, asante. Wenzako tunakuombea afya njema, bega lisilouma na Jumamosi ndefu.