Sahihi ya Sajini Lutengano

Tangu Machi 2018, mikutano ya kijiji cha Idodi ilifanyika bila Sajini mstaafu Lutengano Mwakalobo. Kwenye benchi la mbele, upande wa dirishani, nafasi yake ilibaki wazi. Watu walijibana kwingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1953 hapa Kyimo, Rungwe, mtoto wa tatu kati ya sita. Alisoma shule ya msingi hapahapa, kisha sekondari mjini Mbeya, ambako alilipenda somo la kemia. Mwaka 1973 aliingia jeshini, akawa mkufunzi wa kinga dhidi ya silaha za kemikali. Somo lake la kwanza lilikuwa upepo unatoka wapi. La pili lilikuwa maana: kemikali yoyote yenye sumu, ikitumiwa kwa kusudi la kumuua au kumdhuru mtu, ni silaha ya kemikali, hata kama imenunuliwa duka la pembejeo.

Mwaka 1981 alifunga ndoa na Bertha wa Idodi. Didas, kaka wa Bertha, ndiye aliyemtetea ukweni: “Huyu mtu wa ndizi tumpe. Mpole kuliko ng’ombe wetu.”

Alistaafu mwaka 1997, wakalima nyanya Idodi. Hakupulizia dawa kabla ya kufunga utepe kijitini auone upepo. Majirani walimwita Mzee Utepe, naye akaitika.

Asubuhi ya tarehe 20 Februari 2018, Kasian, mtoto wa Didas, alipita shambani.

“Mzee Utepe, upepo leo ukoje?”

“Unavuka mfereji, mwanangu,” alijibu, akifurahi kwamba hatimaye kijana ameuliza.

Saa moja baadaye Kasian na wenzake wawili, kwa ugomvi wa maji, waliwageuzia pampu za mgongoni zenye dawa ya nyanya wanawake waliokuwa wakipalilia ng’ambo. Tisa waliugua. Esnath, mama wa watoto wanne, alipofuka.

Mkutanoni, Didas akiwa mwandishi, marehemu alisimama. “Walioumizwa wameshambuliwa kwa silaha ya kemikali. Andika hivyo, shemeji.”

“Silaha? Shemeji, utatuletea vifaru kwenye nyanya.”

Watu walicheka. Yeye hakukaa.

“Haya, nimeandika,” Didas alisema. “Kaa, ugali utapoa.”

Esnath alipopeleka malalamiko wilayani, alisomewa muhtasari: “ajali ya upuliziaji dawa.” Karatasi ya mahudhurio ilikuwa imebanwa nyuma yake. Sahihi ya kwanza ilikuwa ya marehemu. Aliitia akiingia mlangoni, kabla mtu hajasema neno. Wilayani waliihesabu kuwa kibali chake, malalamiko yakaishia hapo. Marehemu aliandika barua nne kuikana ile karatasi. Hakujibiwa.

Mwaka 2024 alipatwa na kiharusi, akalazwa Iringa. Didas alifika na machungwa.

“Shemeji, yale tuyaache.”

“Muhtasari bado uko kwako?”

“Uko, kabatini.”

“Basi hatujayaacha.”

Alifariki tarehe 3 Februari 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mikononi mwa Bertha. Alikuwa ameagiza mambo mawili: asizikwe Idodi, na wasifu huu usomwe bila kupunguzwa.

Ameacha mjane, Bertha, watoto watatu, Lusia, Gwakisa na Tusajigwe, wajukuu saba, na shemeji yake Didas, aliyewasili jana na ameketi nasi.

Lutengano ni amani kwa Kinyakyusa. Mungu ampe ile ambayo sisi tulimnyima.

Anazikwa leo hapa Kyimo, kando ya baba yake. Sahihi yake iko Idodi, kabatini.