Bunge Laufungua Mdomo wa Kimya

Benchi la muuza kahawa hubeba watu watano wakikaa kwa adabu. Jioni ile lilibeba saba, wote wanasheria wa kujipachika. Kimya, fundi wa vipaza sauti bungeni, alifika angali na shati jeupe la kazini. Tangu shemeji yake, dereva wa teksi, ashtakiwe kuligonga gari la mbunge ndani ya uzio wa bunge, Kimya alikuwa hasemi kitu: mtumishi wa humo haendi kortini kueleza aliyoyaona mpaka bunge liridhie. Mkewe, dada wa mshtakiwa, alikuwa akimpakulia chakula bila kumwangalia. Leo redio ilikuwa imetangaza kwamba bunge limeridhia.

— Wamepitisha! Kinyozi akampokea kwa makofi.

— Wote, kaka. Na vipaza sauti nimewawashia kwa mkono wangu.

Profesa, ambaye hajawahi kumfundisha mtu, akaruka.

— Basi umechakachua! Wa "ndiyo" umewaongezea sauti, wa "siyo" umewazimia!

— Mzee, lile ni bunge, si disko.

— Mimi nasikia hata chafya mle ndani lazima iungwe mkono, Kinyozi akadai.

— Chafya ni ndogo! Ukisinzia mle ukaota, ndoto ni mali ya bunge. Mkeo hasimuliwi ng'o! Profesa akamzidi.

Kimya akacheka mpaka machozi.

Mama mmoja, mgeni mtaani, aliyekuwa akijaziwa chupa yake, akageuka.

— Samahani wanangu. Kwani huyu aliona nini?

Benchi zima likatazamana. Walikuwa wameshashangilia raundi mbili, na hakuna aliyejua wanamshangilia shahidi wa upande gani. Shemeji mwenyewe, mmoja wa wale saba, akashusha kikombe taratibu.

— Shemeji... kweli uliona?

— Nilikuwa dirishani. Teksi yako ilikuwa imezimwa, wewe uko nje unafuta kioo. Mheshimiwa ndiye aliyerudi nyuma, simu sikioni, akaivaa. Na kortini nitasema hivyohivyo.

Kelele zilizopigwa hapo, spika yeyote angeahirisha kikao. Shemeji akamrukia, akamkumbatia pamoja na kikombe chake. Kahawa yote ikamwagikia shati jeupe.

— Maskini, la kwendea kortini hilo! Kinyozi akalia.

— Liache, Kimya akasema, angali kakumbatiwa. Walichoruhusu ni mdomo, shati hawakulijadili.