Bomba la Bafuni

Basini, kiti cha mbele yangu, fundi cherehani alikuwa akimsimulia seremala asiyemjua jinsi anavyomuuguza mumewe mwenye saratani. "Mbele yake silii ng'o, kaka. Naingia bafuni, nafungua bomba, ndipo nalia." "Na hajui?" "Jana kaniita toka kitandani: mke wangu, lia kwa raha zako, ila funga maji, tangi litakwisha!"

Seremala alicheka, kisha akatoa somo: mgonjwa hafichwi machozi, hata yeye anamuuguza mama yake mwenye ugonjwa huohuo. "Kwa hiyo unalia mbele ya mama?" "Mimi? Thubutu! Mimi hulia humu basini, nikienda kumwona. Leo, dada, umenisemesha njia nzima, sijapata nafasi."

Basi likasimama mbele ya hospitali. Seremala akashuka na machozi yake yote.