Bi Ngazi Anashuka kwa Miguu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika shirika letu la maji, mkuu wa masjala atafunga kabati la mwisho, atamkabidhi msaidizi wake funguo, kisha atashuka kutoka ghorofa ya tano kwa miguu, kama kawaida yake. Wahariri wa jarida hili wameniomba mimi, fundi wa lifti, niandike wasifu wake. Ni sawa na kumwomba muuza miavuli amsifu mtu anayependa kunyeshewa. Lakini kazi ni kazi, na Bi Ngazi, kama anavyoitwa tangu getini hadi kwa mkurugenzi, ni dada yangu wa heshima.

Alianza kama mpiga chapa, enzi zile mashine zikigonga kama mvua ya mawe. Akawa karani wa mafaili, kisha mkuu wa masjala. Hajawahi kupoteza faili, ingawa wapo wakubwa waliomwomba kwa upole apoteze moja mawili. Mwaka ule bomba lilipopasuka juu ya dari ya masjala (ndiyo, katika shirika la maji), nilizima lifti kwa usalama. Sisi wanaume tulisimama koridoni kujadili nani abebe nini. Tulipofikia makubaliano, Bi Ngazi alikuwa ameshahamisha nusu ya kumbukumbu hadi ghorofa ya pili, mzigo begani, na hata jasho hakuwa nalo la kutosha kutuaibisha vizuri.

Mwanzoni alipanda lifti kama binadamu wengine. Mambo yalibadilika alipobeba mimba ya kitinda mimba wake. Kliniki walimkuta na kisukari cha mimba. Alipojifungua, sukari ikashuka yenyewe, na sisi wenzake tukafurahi kweli kweli: tukampelekea keki yenye sukari juu, chini na katikati. Aliipokea, akashukuru, akaigawa yote kwa majirani. Tukasema anaringa.

Tusichokijua ni kwamba nyumbani kwake, mama yake mzazi alikuwa chumba cha pili, kisukari kimemla macho, akimjua mjukuu wake mpya kwa kumpapasa uso. Na muuguzi wa kliniki alikuwa amemwambia Bi Ngazi maneno ambayo amekuwa akiturudia tangu hapo, tutake tusitake: huyu mgeni ameondoka, lakini nyumba ameshaijua. Wengi walioondokewa naye baada ya kujifungua hurudiwa naye miaka ya mbele, tena safari hiyo huja na mizigo yake, kukaa. Mgeni huyu hapewi jembe siku ya tatu. Jembe unalishika mwenyewe.

Akalishika. Akanyonyesha, akaiacha lifti yangu na kushika ngazi, akatembea, akapunguza wali kwenye sahani na kuongeza mboga za majani, na kila mwaka akarudi kupimwa. Soda za mikutanoni akazisukuma kwa jirani. Kwa miaka mingi, katika shirika zima la maji, ni yeye peke yake aliyekuwa akinywa bidhaa yetu.

Mpika chai wetu ndiye aliyeumia zaidi. Bi Ngazi alipoomba chai isiyo na sukari, mzee huyo alidhani amenuniwa. Kwa kusuluhisha, akamtengea birika dogo na kulibatiza birika la mgonjwa. Bi Ngazi akamweleza taratibu kwamba yeye si mgonjwa, na hiyo ndiyo maana ya birika lenyewe. Haikusaidia, jina likaganda. Miaka ikaenda. Mmoja mmoja, sisi tuliocheka tulianza kurudi kutoka hospitali na vikaratasi na vidonge, tukijipanga kimya kimya mbele ya birika lile, mimi na tumbo langu tukiwa wa mbele. Siku hizi Bi Ngazi asipowahi hulikuta tupu. Yaani mzima pekee ndiye anayekosa chai ya wagonjwa.

Msidhani alikuwa malaika. Aliwahi kunaswa nyuma ya kabati la mafaili ya zamani na andazi. Alilimaliza bila haraka, akafuta vidole, akasema nyumba ikifungwa madirisha yote watu hukosa hewa. Mchana huo akatuburuza watatu hadi kwenye tangi la maji kilimani. Andazi tulikuwa hatujalionja.

Sasa nifike kwenye tukio ambalo limezungumzwa mno, tena kwa chumvi nyingi. Mwezi uliopita yule kitinda mimba, ambaye sasa ni mama, alikuja kutuonyesha mtoto wake mchanga. Naye alikuwa amepata kisukari cha mimba. Kliniki ilimwambia arudi kupima wiki sita baada ya kujifungua, na wiki hizo zilikuwa zimepita huku akimjibu mama yake jibu moja tu: “Mama, si imeisha? Imetoka na kondo la nyuma!” Bi Ngazi, anayewatuliza hata mawakili wanaokuja juu kudai mafaili, alikuwa ameanza kukosa usingizi.

Binti akaingia kwenye lifti. Bi Ngazi akambeba mjukuu na kushika ngazi. Kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, lifti ikasimama. Umeme ulikuwepo, taa na feni ndani zikifanya kazi, ni mashine tu iliyoamua. Nilipofika ghorofa ya nne na mkoba wangu wa vifaa, nikihema kama mtu aliyekimbizwa na mbwa, nilimkuta Bi Ngazi ameketi ngazini karibu na mlango wa lifti, mtoto mapajani.

“Fundi, kuna hatari?”

“Hakuna, dada. Kitu kidogo tu.”

“Basi usiharakishe.”

Akausogelea mlango. “Mwanangu, unanisikia?”

“Mama, tutaongea nikitoka.”

“Ukitoka utakimbia. Nakujua, nimekuzaa mimi.”

Nikajifanya natafuta bisibisi, iliyokuwa mkononi mwangu.

“Bibi yako hakukuona hata siku moja,” Bi Ngazi akasema. “Alikujua kwa vidole. Kila asubuhi alinihoji umefanana na nani, nami namwambia umefanana na yeye. Sikutaka ufanane naye kwa yote.”

Nikamsikia naye akiusogelea mlango kwa ndani.

“Mtoto amelala?” sauti ikauliza, ndogo.

“Amelala.”

“Kliniki wanafungua saa ngapi?”

Wapo wanaodai kwamba lifti ilipona dakika ile ile. Mashine ni mashine, sina la kuongeza. Majibu ya kipimo ni ya mwenyewe, si ya jarida. Ninachoweza kutangaza ni kwamba Jumamosi asubuhi wanawake wawili huonekana wakipandisha kilima cha tangi la maji, mtoto mgongoni kwa mmoja wao, na anayeomba “tupumzike kidogo, mama” si yule mzee.

Kamati ya maandalizi, baada ya kutafakari sana, imemnunulia Bi Ngazi kochi la kujinyoosha. Nilipinga, nikashindwa kwa kura. Na keki ipo.

Zawadi yangu mimi ni ndogo. Sherehe ni ukumbi wa ghorofa ya sita, na siku hiyo lifti itakuwa kwenye matengenezo. Wajawazito, wazee na wenye miguu mibovu wanigongee, nitawapandisha. Wenye matumbo tu, tutakutana ngazini. Binti ameahidi kutangulia.

Dada, asante kwa mafaili, kwa birika, na kwa kutusumbua miaka yote hii tukiwa hatutaki. Uwe na maisha marefu yenye vilima vya kupanda na macho ya kumwona mjukuu akivipanda mbele yako. Na yule mgeni akija, akute hamko nyumbani: mmetoka kutembea.