Kadi ya Pili ya Mahafali

Kwenye basi la kutoka Kirando, mama mmoja mbele yangu alimwambia jirani yake, mchuuzi wa dagaa aitwaye Asajile, kuwa Jumamosi anakwenda mahafali ya binti yake chuo kikuu.

"Jumamosi hii? Jafeti wangu naye anamaliza hapo hapo. Mbona hajaniambia?"

"Wanatangaziana kwenye simu zao, wanadhani na sisi tumo. Mimi na kitochi changu nimesikia kwa katekista, matangazo baada ya misa."

"Sisi Wamoraviani hatukutangaziwa. Au ananionea aibu. Nanuka dagaa, mama."

Mimi niliyekaa nyuma yake tangu asubuhi nisingeapa kwamba hanuki.

"Dagaa hao ndio waliomsomesha. Nina kadi mbili za mwaliko, binti kanitumia kwa katekista; hii ya kaka yangu, naye anaumwa. Chukua."

"Siendi nisikoalikwa."

"Baba Jafeti, tangu lini mzazi akaalikwa kwa mwanawe?"

Basi likasimama Milanzi. Asajile akaaga, akashusha magunia yake, kadi akaiacha kitini. Kisha akarudi dirishani.

"Mama, shati jeupe likishika harufu ya dagaa, mnalifulia nini?"