Maisha ya Baba Yetu, Mchagua Muziki wa Duka Kubwa

Ndugu, majirani na nyote mliokatiza kazi zenu mkaja kumsindikiza baba yetu, anayewasomea ni binti yake, mtoto wa kwanza, karatasi hii tumeiandika watoto wote watatu, mama hajaiona, na palipo na makali mtatuwia radhi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na karakana ya treni, akiwa mtoto wa kiume pekee kati ya wanne, dada zake watatu, yaani shangazi zetu, ndio hao waliokaa mbele. Alikulia katika kelele mbili, za nyundo mchana kutwa na za babu yetu kila akirudi nyumbani, maana babu hakuwa mtu wa kusema jambo mara moja wala kwa sauti ya kawaida. Baba alikuwa akijificha uvunguni na kuziba masikio, na huko uvunguni, kwa maneno yake mwenyewe, ndiko alikokula kiapo kwamba nyumbani kwake hatasikika mtu akifoka. Kiapo alikitimiza, tumpe haki yake.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na karakana kuanzia Januari 1963, kisha sekondari ya bweni hadi Novemba 1973, na huko mwalimu wa hesabu alikuwa na santuri za muziki wa klasiki, piano na fidla bila mwimbaji, akiwapigia wanafunzi wakifanya mazoezi. Baba alisema ndiyo mara ya kwanza kukaa chumbani na watu arobaini bila moyo kumwenda mbio.

Tarehe 2 Mei 1978 aliajiriwa kwenye stoo ya duka kubwa la nguo na vyombo vya nyumbani, akapanda hadi kuwa msimamizi wa muziki wa duka, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2016. Asubuhi aliweka piano ya polepole ili mteja asipite rafu mbio, saa sita fidla za kuchangamka ili foleni isinune, jioni kitu cha kubembeleza, na wenzake wakambandika jina la Taratibu. Meneja alipenda kusema kwamba mwenye malalamiko akishapita kwenye muziki wa Taratibu anafika mezani amesahau kilichomleta. Wateja lakini walikuwa na kwao pa kurudi, sisi kwetu ndiko alikokuwa anarudi yeye.

Tarehe 5 Septemba 1987 alimwoa mama yetu, fundi cherehani, wakajaliwa binti mmoja, mwaka 1988, na vijana wawili, 1991 na 1995. Hata mwezi haukuisha tangu harusi, baba alikuwa amebandika ratiba ukutani jikoni, kwa mwandiko wake mzuri, piano ya chai, fidla za kuosha vyombo, baadaye filimbi za masomo yetu, na cherehani ikahamishiwa kibanda cha nyuma kwa kosa la kugombana na piano. Hakuwahi kumpiga mtu, hakuwahi kutukana, ila ukimletea shida aliongeza sauti ya muziki kidogo, kwa adabu kabisa, basi, mazungumzo yameishia hapo. Mama alipoletewa habari ya kifo cha bibi, mama yake mzazi, Agosti 1999, baba alisimama akapekua rafu dakika kumi nzima, akapata santuri ya kuendana na msiba, akaiweka, ndipo akampa pole, na mama alikwenda kulilia kibandani.

Aprili 2017 aligundulika kuwa na shinikizo la damu, daktari akamshauri apunguze chumvi na awe mtulivu. Chumvi hakuipunguza, utulivu akauongeza maradufu, akamwita fundi umeme akafunga spika kila chumba, hadi bafuni, na sheria ikawa moja, muziki ukianza mlango haugongwi mpaka uishe. Mama aligonga mara moja tu, Novemba 2019, kumwambia kuna mgeni, akanuniwa wiki tatu.

Jumapili tarehe 11 Februari 2024, saa nne asubuhi, baba aliingia kuoga. Sasa, shangazi zetu, kwa heshima zote, tangu siku ya kwanza ya msiba mnanong'ona kwamba wifi yenu alisikia na akamwacha kaka yenu afe. Ndiyo, alisikia, alitueleza mwenyewe Jumapili ileile. Mama alikuwa jikoni, akasikia kishindo, akakausha mikono, akaenda hadi mlango wa bafu, akanyanyua mkono agonge, fidla zilikuwa bado zinaendelea, akaushusha, akasimama pale dakika kumi na tisa mpaka zilipokwisha, kama alivyofundishwa kwa miaka thelathini na sita, ndipo akagonga. Jirani yetu seremala alivunja mlango, hospitali wakasema ni kiharusi, na Jumanne tarehe 13, saa tisa alasiri, baba alikata roho. Daktari alitueleza kwamba katika kiharusi kila dakika ina thamani, hakukusudia ubaya, hakujua mwanamke aliyesimama mbele yake alikuwa anazihesabu.

Tangu saa hiyo mama hasemi zaidi ya ndiyo na hapana. Tuna hasira na baba, tunasema hapahapa mbele ya jeneza lake, na hasira kubwa zaidi tunayo juu yetu wenyewe, kwa sababu kila mmoja wetu alihama nyumba ile mara tu alipoweza, akamwachia mama ratiba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, hasa seremala aliyerudi jioni ileile kuturudishia mlango, na wafanyakazi wa duka waliokuja na spika kwa moyo mwema, tukawaomba zibaki garini, msituelewe vibaya.

Pumzika kwa amani, baba. Na wewe, mama, siku neno likikujia liseme, hata kama tunakula, hata kama mgeni yuko katikati ya habari yake, tutanyamaza sisi.