Mjomba Kaja na Kipikipiki

Benchi la kona ya mashine ya kusaga, pale Nachingwea mjini, ni gogo la mkorosho. Upande wa chini lilichongwa na fundi, upande wa juu limechongwa na makalio ya watu. Kahawa ya Mama Teodosia huchemka hapo kutwa, na habari huchemka kabla ya kahawa. Wakaaji wake si watu wa kushtuka ovyo. Fisi aliwahi kukatiza mbele yao saa nne asubuhi, wakamwangalia, wakaendelea kubishana. Lakini mchana ule, Hemedy, anayeitwa Mtambo, alipokata kona juu ya kipikipiki chekundu cha cc 100 kinacholia kama cherehani, kofia ngumu kaifunga mpaka kidevuni na nyingine kaining'iniza mkononi, vikombe vilisimama hewani. Mwenye kubisha aende akaulize.

Maana Hemedy alikuwa amewachosha masikio mwezi mzima. Dada yake, Rabia, ana mtoto jandoni kule porini, upande wa Nambambo. Mtoto anaitwa Hassani, na leo ndiyo siku ya kumtoa. Wa kumtoa ni mjomba. Na mjomba, kwa kinywa chake mwenyewe, aliapa kumleta mwali, maana huko hata mvulana wa jandoni huitwa mwali, juu ya pikipiki kubwa ya cc 200, mali ya rafiki yake Amiri. Benchi zima lingesindikiza kwa pikipiki zao. Na kawaida ya huko kila mtu anaijua: pikipiki iliyompakia mwali hutangulia, na hakuna wa kuipita mpaka mlangoni kwa mama yake.

– Mtambo, umefiwa? aliuliza Amiri. Huyu jina lake la kijiweni ni Kishindo, kwa sababu ya ekzosi yake.

– Sijafiwa.

– Sasa hicho umepanda nini?

– Pikipiki.

– Hicho? Hicho si kilizaliwa na pikipiki, bado kinanyonya?

Hemedy akavua kofia taratibu.

– Jamani, leseni yangu si mnajua ni mpya? Ni ya pikipiki ndogo. Mwisho cc 125. Hiyo ya Kishindo, aliyoiegesha hapo sasa hivi, hairuhusiwi kwangu.

Mama Teodosia akamimina kahawa, kikombe kikajaa, akaendelea kumimina.

– Leseni haisomwi, Mtambo! Kishindo akaruka. Leseni inaonyeshwa! Unaitoa, unairudisha!

Hemedy akavuta mkono wa kanzu kufunika kiwiko. Hapo ndipo palipokuwa na siri yake. Jana jioni Kishindo alimwachia ile kubwa aizoee. Akaipeleka uwanja wa mpira, ambako hakukuwa na shahidi ila mbuzi. Akagusa mafuta kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi. Lile dubwana likasimama kwa gurudumu la nyuma kama mbuzi anayefuata majani ya juu, likamtupa chini, kiwiko kikachubuka, gurudumu la mbele likapita karibu na sikio lake, likaenda kulala peke yake golini. Akalifuta udongo, akamrudishia mwenyewe na kumwambia, "Laini kama siagi." Usiku kucha hakulala. Kila akifumba macho aliona nafasi ya nyuma kwenye kiti, na Hassani kakaa pale.

– Ngojeni, alisema Selestini, anayeitwa Mahesabu kwa kuwa aliwahi kusahihisha bei ya ufuta mnadani, japo alikosea. Mtambo, pikipiki ina cc mia mbili, sivyo? Mko wangapi juu yake?

– Mimi na Hassani.

– Mia mbili gawa kwa wawili?

– Mia.

– Kila mtu na mia yake! Uko chini ya leseni! Ungekuwa peke yako ndiyo kosa.

– Hassani mtoto, akadakia Eustakio, anayeitwa Redio. Mtoto anahesabiwa nusu.

Mahesabu akaokota kijiti, akachora vumbini, akafuta, akachora tena.

– Inakuja mia na thelathini na kitu.

– Imezidi! akasema Redio.

– Basi apakie na jogoo.

Benchi likakubali jogoo. Redio akaona amezidiwa.

– Nyie hamjui. Cc zinakaa kwenye joto. Jua likiwaka zinatanuka. Hapo ilipo, hiyo pikipiki imefika mia tatu. Kuna jamaa wa Nkowe, kule Ruangwa, alikuwa anaimwagia yake maji kila kilima. Ilipungua mpaka baiskeli zikawa zinampigia kengele apishe!

Kabla mtu hajamzuia, akanyakua ndoo nyuma ya jiko na kuimwagia injini ya ile kubwa yote. Tssss! Mvuke ukapanda mpaka juu ya mashine ya kusaga.

– Redio! Mama Teodosia akapiga kelele. Maji yangu ya kahawa hayo, mwendawazimu wewe! Bomba limekatika tangu jana!

– Sayansi, mama.

– Sayansi utakunywa wewe!

Hata hilo halikumsogeza Hemedy. Ndipo Kishindo akasema la moyoni.

– Mtambo, sikia ndugu yangu. Mimi nimebadilisha ekzosi kwa ajili ya leo. Mahesabu kafunga taa za rangi. Wewe ukitangulia na hicho, sisi tutakuwa wapi? Nyuma! Gia ya kwanza, kutoka Nambambo mpaka hapa! Watu watatoka majumbani kuuliza maiti ni ya nani!

– Baba yako mdogo alimtoa mwali kwa trekta, Mahesabu akakoleza.

– Wewe mjomba gani? Kishindo akamalizia.

Hilo neno likamchoma. Mjomba ni yeye peke yake, Rabia hana kaka mwingine. Hemedy akautazama ufunguo wa ile kubwa, uko juu ya benchi, unang'aa. Mkono ukaenda. Ukaushika.

– Haya, Kishindo akapiga makofi. Mtambo karudi!

Hapo akatokea Rabia kutoka upande wa soko, ndoo ya vitunguu kichwani, kanga mpya ya mwali begani. Akatua ndoo. Akatazama pikipiki kubwa inayotoa mvuke, kisha ile ndogo, kisha uso wa kaka yake.

– Mnabishana nini?

– Mwendo, dada Rabia, alisema Kishindo kwa adabu. Tunataka mwanao awahi.

– Awahi wapi?

– Nyumbani.

– Nyumbani hakuna mtu. Mpishi ni mimi, na vitunguu hivi hapa, sijamenya hata kimoja. Sasa mnamkimbiza mwanangu awahi nini?

Kishindo akamgeukia Mahesabu. Mahesabu akaifuta hesabu yake kwa mguu. Redio akanyoosha kikombe.

– Nipeni hata kahawa, nikafikiri, akasema.

Mama Teodosia akaipindua birika. Halikutoka tone.

Hemedy akaurudisha ufunguo juu ya benchi. Rabia akamkabidhi kanga, na mkono wa kanzu ukapanda. Akakiona kiwiko. Akakitazama, akaitazama ile pikipiki kubwa, akaushusha mkono wa kanzu mwenyewe, polepole.

– Nendeni, kaka. Taratibu.

Walirudi jua likishapoa. Mbele kipikipiki chekundu, nyuma benchi zima gia ya kwanza, Kishindo miguu inaburuza chini, na nyuma yao mzee wa baiskeli mwenye tenga la mihogo, anapiga kengele apishwe, anajibiwa kwamba mwali hapitwi.

Kwenye mteremko, Hassani akamkumbatia mjomba wake kiunoni kwa nguvu zote.

– Mjomba, punguza! Kanga inapeperuka!

Hemedy Mtambo akapunguza.